Mwaka Ule Gadi Alipovimba Miguu

Aika mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako amekusindikiza, kwa hiyo jiko limebaki langu. Gadi yuko nje anapiga mpira ukutani. Nimemwambia aache, hajasikia, na sina nguvu ya kumwambia tena. Leo nimepikia watu tangu asubuhi na mgongo unaniuma, lakini nikisema nilale kwanza nikuandikie baadaye, najua sitakuandikia.

Kesho alfajiri unapanda basi la Iringa. Habari za godoro, za ndoo, za kufunga mlango wa bweni na kutomwazima mtu simu, mama yako amekwisha kuzisema, na atazisema tena stendi mpaka basi litoke. Mimi sizirudii. Nataka kukuandikia habari za mwaka ule wa corona, maana hatujawahi kukaa wewe na mimi tukauzungumza. Kila ukitajwa, mmoja wetu hukumbuka kwamba ana kazi nje. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo unayo ya kwako unayoyakumbuka. Haya ni ya kwangu.

Unajua nilikuwa mpishi wa safari, lakini hukuwahi kuniona kazini. Nilikuwa mtu mwingine kule. Kofia nyeupe, aproni imepigwa pasi kwa pasi ya mkaa, na wageni wakikaa mezani porini mimi natoka hemani nawatajia chakula kimoja kimoja, supu ya nini, nyama ya nini, keki ya nini. Keki nilikuwa naioka ndani ya sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Wakiiona wanapiga makofi. Wazungu wazima wananipigia makofi kwa ajili ya keki. Nikirudi nyumbani mjini, Daraja Mbili, nalala siku mbili tatu, naacha matumizi, naondoka. Gadi alianza kutembea nikiwa porini. Mama yako alinipigia nikasikia kelele zenu kwenye simu, nikacheka, halafu mtandao ukakata. Nilijiona baba mzuri. Nyumba ilikuwa na chakula, na mimi ndiye niliyekileta. Sikujua kwamba nimejijengea heshima yangu yote juu ya nguzo hiyo moja.

Safari ya mwisho haikumalizika. Wageni walikuwa wanapata ujumbe kwenye simu zao, wanakunja uso, wanasogea pembeni kuzungumza. Asubuhi moja dereva akaambiwa awapeleke uwanja wa ndege moja kwa moja. Tulikunja mahema kukiwa na chai ya moto kwenye chupa ambayo hakuna aliyeinywa. Tulipofika yadi, bosi akatuambia tupumzike kidogo, wageni watarudi. Hakuna aliyesema umeachishwa kazi. Aliita likizo. Halafu akasema vyakula vya stoo tugawane visije vikaharibika.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na ni la kijinga mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Tulichagua kwa zamu. Dereva wetu alichukua mchele. Mimi nilichukua katoni yenye chupa za zeituni, haradali na jamu ya machungwa, nikamtania kwamba amebeba kitu ambacho hata dukani kwa Mangi wa mtaani kipo. Mimi nilitaka wanangu waonje vya hotelini. Unakumbuka mlivyoonja? Gadi alitema zeituni kwenye kanga ya mama yako. Wewe ulimeza moja kwa heshima, ukasema, "Ni nzuri, Baba," huku macho yanakutoka machozi. Baada ya wiki chache tulikuwa tunalia ugali hizo hizo zeituni.

Hoteli ya mama yako nayo ikafungwa. Alikuwa anatandika vitanda vya watu, sasa hakuna wa kulala. Akaanza kukaanga maandazi, lakini mtaa mzima ulikuwa umekosa kazi kwa wakati mmoja, na mtaa mzima ulikuwa umeanza kukaanga maandazi. Wauzaji tukawa wengi kuliko wanunuzi. Mama Salome wa nyumba ya pili alikuwa anapita kwetu na beseni lake, anakuta beseni letu, wanatazamana na mama yako, wanacheka kicheko cha watu waliochoka. Shule zikafungwa, na ule uji wa saa nne uliokuwa unakunywa shuleni ukaisha. Sikuwa nimewahi kuuhesabu ule uji kama chakula. Nilikuja kuujua ulipokosekana.

Na ndoo za kunawia. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Tulinawa mikono mwaka ule kama watu wanaoitwa mezani, halafu hakuna meza.

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe huenda uliliona kama wema wangu. Kila jioni niliingia jikoni mwenyewe. Uliwaambia rafiki zako kwamba baba yenu anawapikia, na ulikuwa unajivuna. Mwanangu, mpishi wa porini anafundishwa kufanya kidogo kionekane kingi. Gari likikwama kwenye tope na chakula kikapungua, mgeni hatakiwi kujua. Unaunga supu kwa unga kidogo ijae mdomoni, unaipa rangi, unaweka jani juu. Nikafanya hivyo hivyo nyumbani. Unga wa mahindi kiganja kimoja, maji sufuria nzima, nachoma sukari kijiko ili uji upate rangi ya maziwa ya chai. Maji yaliyochemshia mboga ya mnafu nayaunga kwa unga, naita mchuzi. Mlikula mkanisifu. Na mimi nilisimama pale na mwiko nikapokea sifa.

Mama yako hakusifu. Siku moja alisubiri mtoke nje, akaniambia, "Baba Aika, hiki si chakula. Haya ni maji yenye rangi."

Nikamjibu, "Unataka nikaibe?"

Akasema, "Nataka twende kwa mama."

Unajua kwa bibi yako Koko, kule juu ya Tengeru, palivyo. Ndizi mgombani, ng'ombe zizini, mboga hata usipopanda zinaota. Kwetu Machame nisingeweza kwenda, wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufariki na kihamba, lile shamba la ukoo, ni cha baba yenu mdogo, naye alikuwa na watoto wengi wa kulisha. Lakini kwa Koko njia ilikuwa wazi. Nikakataa. Nilimwambia mama yako kwamba Koko ana kifua, na watu wa mjini ndio wanaobeba ugonjwa kuupeleka kwa wazee, tusije tukamuua mama wa watu. Ilikuwa kweli. Kila mtu alikuwa anasema hivyo, na mimi niliogopa kweli kweli. Ila haikuwa sababu yote, na ugonjwa ulinipa kisingizio kizuri sana.

Sababu nyingine ni hii. Nilipokwenda kumposa mama yako, nilisimama mbele ya wajomba zake nikasema binti yao hatashika jembe maishani mwake na wala hatarudi kuomba ndizi. Nilikuwa kijana, nimevaa koti la kuazima. Wajomba walicheka wakanipigia meza. Koko hakucheka. Tangu siku hiyo sikuwahi kupanda kule mikono mitupu. Nyama, sukari, majani ya chai, sabuni, kila safari lazima nishuke garini nimeelemewa. Sasa ningepandaje na familia nzima nyuma yangu na mfuko hauna kitu? Niliona afadhali tukae tusubiri wageni warudi. Kila asubuhi niliangalia juu kama kuna ndege inapita.

Halafu Gadi akaanza kunenepa.

Nakuandikia kama nilivyoliona wakati ule. Mtoto wa mwaka na nusu hivi, mashavu yakajaa, mikono na miguu ikawa ya mviringo. Alikuwa msumbufu, akatulia. Nilifurahi, Aika. Nilimbeba nikampeleka mlangoni, nikamwita Mama Salome, nikasema, "Tazama mwanaume huyu, njaa hii na yeye ananenepa!" Mama Salome alimtazama, akasema, "Mungu ni mwema," lakini hakucheka, akaondoka upesi. Sikujiuliza kwa nini.

Wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha. Ukaja ukaniambia, "Baba, mbona mguu wa Gadi unabonyea?"

"Unabonyeaje?"

Ukakaa chini, ukaweka kidole gumba juu ya mguu wake, ukabonyeza, ukaondoa. Shimo likabaki. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye donge la unga. Tulilitazama wote wawili. Na mimi nikakwambia ni unene wa mtoto, nenda kaoshe vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa safi, hapakuwa na kilichochafuka.

Nililala na lile shimo. Nywele zake nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi. Mama yako alisema tumpeleke hospitali, nikasema hospitali ndiko ugonjwa uliko, tutaingia na mtoto mzima tutoke na mgonjwa. Watu wengi walisema hivyo mwaka ule. Mimi nilikuwa nasema huku nimepakata mtoto aliyekuwa halii tena hata ukimfinya.

Wewe ukachukua simu ya mama yako, ukaenda nyuma ya choo, ukampigia Koko. Mpaka leo sijui ulimwambia nini. Ninachojua ni kwamba kesho yake asubuhi pikapu iliyobeba ndizi za sokoni ilisimama njia panda, na Koko akashuka na fimbo yake, amejifunga kanga puani, kibuyu cha maziwa kimening'inia begani.

Nilitoka mbio nikasimama mlangoni. "Shikamoo mama. Usiingie, mama. Huku mjini kuna ugonjwa."

"Marahaba. Nimekuja kuuona huo ugonjwa. Uko wapi?"

Akanipita. Akakaa kwenye kochi, akampokea Gadi, akamvua nguo zote. Akambonyeza mguu kama ulivyombonyeza wewe. Akageuza kichwa cha mtoto kwenye mwanga akaangalia nywele. Sote tulikuwa tumesimama kama wanafunzi.

"Huyu mtoto ananenepa tangu lini?"

Nikasema, "Wiki kadhaa sasa, mama."

Akatutazama mmoja mmoja, mama yako, wewe, mimi. "Na nyie mbona hamnenepi?"

Na mimi badala ya kujibu nikageuka nikauliza nani amempigia Koko simu. Ukasema, "Mimi, Baba." Nikasema, "Unaitangaza nyumba yangu?" Ukasema, "Sikuitangaza. Nimemwambia Koko tu." Hapo nikanyanyua mkono. Sikukupiga. Lakini ulifumba macho ukasubiri, na uso ule ulivyosubiri naukumbuka kuliko vitu vingi ambavyo nimevifanya kweli. Koko hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba Aika, huo mkono ubebee mtoto twende."

Nikaubebea mtoto.

Hospitali palikuwa kimya kuliko nilivyotegemea. Watu walikaa mbalimbali kwenye mabenchi, wamefunika nyuso, hakuna anayemsalimia mwenzake kwa mkono. Muuguzi aliyetupokea alikuwa amevaa barakoa na gauni la plastiki, sikuweza kujua ni binti au mama mtu mzima. Alizungusha utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa Gadi, utepe ukasoma nyekundu. Nilisema labda anaupima vibaya, mbona mtoto ni mnene. Akaniambia, "Uvimbe huo, kaka. Ukishuka utamwona alivyo." Kisha akaanza kuuliza.

"Anakula nini?"

"Uji. Ugali. Mboga."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi."

"Na nini? Maziwa? Karanga? Dagaa?"

Mama yako alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema maziwa, na nadhani nilifungua mdomo kusema maziwa. Nikasema, "Na sukari iliyochomwa. Kwa ajili ya rangi."

Akaandika. "Kazi ya baba?"

"Mpishi."

Kalamu ikasimama. Nilisubiri anitukane, Aika. Nilikuwa nimejiandaa, na naona ningepata nafuu. Akanitazama juu ya barakoa, akauliza, "Wa watalii?" Nikaitikia. Akasema, "Poleni. Kitanda cha dirishani ni mtoto wa dereva wa watalii." Akaendelea kuandika.

Mama yako alilazwa naye. Waliruhusu mzazi mmoja tu. Gadi alipewa maziwa maalumu, kikombe kidogo, kila baada ya muda mfupi, mchana na usiku. Mimi nilikuwa nakuja getini kila siku kuuliza. Uvimbe ulipoanza kushuka, mama yako alimleta dirishani nimwone, nikashika nondo za dirisha. Mtoto niliyekuwa namtembeza mtaani nikimsifu alikuwa mifupa. Mbavu, magoti, macho. Chini ya lile shavu nililolifurahia hapakuwa na kitu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa muuza nyama, nikamfagilia duka na kumwoshea mbao zake, akanipa mifupa ya paja. Nikaichemsha tangu alfajiri, nikaondoa mafuta, nikachuja kwa kitambaa. Sijawahi kumpikia mzungu yeyote supu kama ile. Nikaifunga kwenye chupa ya chai nikaipeleka. Muuguzi yule yule akatoka getini akaikataa. "Ukimpa hii sasa utamuua. Mwili wake hauwezi. Ataanza kidogo kidogo."

"Lakini ni njaa," nikamwambia. "Si mmesema ni njaa?"

"Ndiyo. Na njaa ikizidi, hata chakula kinakuwa hatari. Ndiyo maana tunasema mje mapema."

Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro na chupa yangu. Pembeni yangu alikuwa mwanamume mwingine na bakuli limefunikwa kwa sahani. Alikuwa amekataliwa makande. Mwishowe nikammiminia supu kwenye mfuniko, yeye akanipa makande kwa kiganja, tukala pale pale barabarani, wanaume wawili, hatujuani majina. Akasema, "Supu tamu sana hii." Nikalia. Sikujificha, na yeye hakuniuliza.

Gadi aliporuhusiwa, Koko hakuuliza maoni yangu. Alisema mnapanda wote. Tukapanda, na mimi nikashuka garini mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mama yako. Hakuna aliyelitaja. Nafikiri hakuna aliyeliona ila mimi. Miaka yote ile nilidhani watu wa kule wanaisubiri mifuko yangu.

Maisha ya kule uliyafurahia, nakumbuka. Wewe na mtoto wa jirani mlikuwa mnakata majani ya ng'ombe, mkirudi mnanuka maziwa. Mimi nililima. Mama yako naye alishika jembe, jembe lile lile nililoapa mbele ya wajomba, na alilishika vizuri kuliko mimi. Lakini mezani bado nilikuwa mwongo. Nilikuwa najipakulia kidogo, nakula taratibu, nasogeza sahani. Koko ananiuliza, "Baba Aika, umeshiba?" Nasema, "Nimeshiba, mama, asante." Unamjua Koko alivyokuwa na wageni, alikuwa anaweza kukulazimisha mpaka ukimbie. Mimi hakunilazimisha. Nikisema nimeshiba, anainua sufuria anaondoka nayo. Kila siku hivyo. Nalala tumbo linanguruma, kesho nashika jembe.

Jioni moja alikuwa amepika loshoro, mahindi yamelainika, maziwa mgando juu yake. Akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, mkono uko tayari kwenye sufuria. "Umeshiba?"

Nikasema, "Hapana, mama. Nina njaa."

Sikuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu tangu nikiwa mtoto. Koko hakutabasamu wala hakunipongeza. Aliisukuma sufuria yote mbele yangu akaendelea kuzungumza na mama yako habari za ng'ombe. Nikala mpaka nikakwangua chini. Wewe na Gadi mlicheka kwa sababu maziwa yalikuwa yamenishika kwenye masharubu. Gadi alicheka kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitazama nyuma kuona ni mtoto wa nani.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikaa sawa. Koko alianza kukohoa wiki chache baadaye. Tulimfukiza, tukamchemshia tangawizi, mimi nikawa silali, nasikiliza kifua chake kupitia ukutani, nikifikiri sasa lile nililolitumia kama kisingizio limekuja kudai. Akapona. Tulimzika mwaka juzi na madaktari walisema ni uzee, lakini miaka yote ile katikati, kila akikohoa, mimi nilikuwa nasimama. Wageni walirudi, kazi ikarudi, lakini si kwa wote na si kama zamani. Ndiyo maana unaniona sasa napika kwenye kantini hapa hapa mjini. Hakuna anayepiga makofi. Narudi nyumbani kila jioni.

Na Gadi ni mfupi kuliko wenzake darasani. Umeona mwenyewe. Herufi zinamchelewa. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya mwaka ule, akasema huenda, na huenda sivyo, watoto wanatofautiana. Nimebaki na hiyo "huenda." Nikimwona anafuta na kuandika tena neno lile lile, natoka nje.

Kwa nini nakuandikia haya usiku wa kuamkia safari yako? Si kwa sababu unahitaji huzuni begani pamoja na begi. Ni kwa sababu unafanana na mimi. Watu wanasema umefanana na mama yako, macho labda, lakini mdomo ni wangu. Ukiumwa unasema kichwa kinauma kidogo tu. Ulipofeli lile jaribio la hesabu ulituambia hamjarudishiwa. Huko chuoni ukiulizwa hali utaandika "niko poa" na kale kapicha ka kucheka, na mimi nitasoma nikiwa kazini nitafurahi, kama nilivyofurahia mashavu ya Gadi. Naomba usinifanyie hivyo. Siku ukikosa, andika umekosa. Kama sina cha kutuma nitakwambia sina, na tutakuwa wawili tunaojua. Umeme wenyewe unaokwenda kuusomea nasikia hauonekani kwa macho, mpaka mtu apime. Mimi ni mtu wa jikoni, usinipe kazi ya kupima kwa mbali.

Na ule mkono nilionyanyua. Sikuwahi kusema. Ulimwokoa mdogo wako na mimi nikakunyanyulia mkono. Nisamehe, mwanangu. Ulifanya jambo ambalo mimi na miaka yangu yote nilishindwa, ulimwambia mtu.

Nawasikia mnakuja, mama yako anacheka na mtu njiani. Nimalizie moja.

Jana mama yako alipika pilau ya kukuaga, mimi nikakaa upande wa pili wa meza nikawa nakutazama unavyokula. Ulikula, ukafika mahali ukasimama, ukasukuma kipande cha nyama na tonge mbili tatu ukingoni mwa sahani, upande wa Gadi. Hukumtazama. Gadi naye hakukutazama, alinyoosha tu mkono akachukua, kama mtu anayechukua kilicho chake. Mnafanya hivyo kila siku. Mama yako huwaambia wageni kwamba Aika ana moyo wa kutoa. Mimi najua ulianza lini, na ulikuwa na miaka mingapi, na kilikuwa kiasi gani kwenye sahani hiyo uliyokuwa unabakiza.

Kule Iringa hutakuwa na mtu upande ule. Ukipakuliwa, kula chote. Kula mpaka uone chini ya sahani, na ukitaka zaidi, omba uongezewe. Gadi nitampakulia mimi.

Baba yako